Aya Niliyokaa Nayo Wiki Tano

Habari zilinifika Jumanne asubuhi, nikiwa naihangaikia sura ya nne ya tasnifu yangu. Mama anayeuza chapati hapa Nchiru, mkabala na hosteli ninakopanga, alinipigia simu akasema kwa sauti ya chini, "Prof, yule mama wa kuchapa ametuacha. Jana, hospitalini Embu." Nilimwomba arudie. Si kwamba sikusikia. Nilitaka sentensi ile iwe na kasoro mahali fulani, na haikuwa nayo. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mimi ni mtu wa kupima neno mara tatu kabla ya kuliachia, na wengine mmeniandikia kunilaumu kwa hilo. Basi naungama mbele yenu: kitu cha kwanza kilichonijia akilini hakikuwa uso wake, wala mama yake mzee aliye Ishiara. Kilikuwa karatasi yake moja, iliyokunjwa mara mbili, iliyokuwa bado ndani ya faili langu la kijani.

Kwa wasiomjua, alikuwa na kibanda cha mabati karibu na lango la chuo, chenye kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala iliyopiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Tasnifu nyingi zilizopita Nchiru zilipita mikononi mwake. Alimaliza kidato cha nne huko kwao Mbeere na hakupata nafasi ya kuendelea, lakini alikuwa amechapa Kiingereza cha wasomi kwa miaka mingi hata akakijua kwa namna ambayo sisi wenye vyeti hatukijui: kwa vidole. Mara ya kwanza nilipompelekea kazi, alichapa nusu ukurasa kisha akasimama. "Prof," akaniita, ingawa wakati huo sikuwa hata na shahada ya pili, "hii paragrafu inasema nini?" Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa muda mrefu. Wanafunzi waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka. "Mama, huyo umemkamata!" mmoja akasema. Yeye hakucheka. Alichukua kalamu akaisimamisha juu ya karatasi yangu. "Kwetu Ishiara, mnunuzi wa ndengu hafungui gunia. Anadunga na bambo, kile chuma kiko kama kijiko ndefu. Anadunga juu, anadunga katikati, anadunga chini. Akitoa ndengu mahali pote, anachukua. Akitoa ndengu hapa na kunde pale, anakwambia rudi nyumbani uchambue." Akadunga aya yangu kwa ncha ya kalamu mara tatu. "Juu umeweka mvua. Katikati umeweka serikali. Hapa chini sijui hii ni nini. Rudi nyumbani uchambue."

Nilirudi nimekasirika, nikachambua. Aya ile moja ikazaa tatu, kila moja ikiwa na jambo lake, jambo lenyewe likitajwa katika sentensi ya kwanza na zile zinazofuata zikilibeba mpaka mwisho. Msimamizi wangu alipoisoma alisema tu, "Sasa nakuelewa." Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu namna ya kuandika aya ya Kiingereza iliyo wazi, na sijaona palipoelezwa vizuri kuliko pale kwenye foleni. Nadhani tatizo letu huku si uhaba wa maneno. Mtoto wa Meru au wa Embu hukutana na Kiingereza kwanza kama kipimo cha akili, ndipo baadaye kama lugha; kwa hiyo anapoandika hujazia gunia ili lionekane zito. Siku hizi simu zina programu za kutuandikia, na magunia yamezidi kufura. Mwaka huu yule mama wa kuchapa aliwahi kuidunga kazi ya kijana mmoja iliyoandikwa hivyo, laini isiyo na kosa hata moja, akamrudishia. "Hii imejaa vizuri sana," alimwambia. "Imejaa maganda."

Sasa nifike kwenye karatasi. Mapema mwaka huu alifunga kibanda saa saba mchana, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaja kunitafuta kwa mama wa chapati. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea ualimu wa watoto wadogo. Fomu ilimtaka aeleze kwa Kiingereza, kwa aya moja, sababu za kutaka kazi hiyo, na zilikuwa zimebaki wiki nne fomu zifungwe. "Soma tu uniambie kama inaeleweka," akasema, akiangalia pembeni kama msichana. "Usiniandikie upya, Prof. Nataka ikikubaliwa, ikubaliwe ikiwa yangu." Niliisoma usiku wake nikaona inaeleweka. Hapo ndipo ningesimama. Lakini nikajiuliza kama sentensi ya pili haihitaji kiungo cha kuishikanisha na ya kwanza. Nikajiuliza kama mtu anaweza kusema "nina macho mazuri" katika barua rasmi. Nikaandika toleo langu, kisha la pili, kisha la tatu, kila moja likiwa refu kuliko lililotangulia, na kila nilipopita kibandani nilimwambia, "Bado kidogo, Mama, naiweka sawa." Yeye alijibu, "Sawa, Prof," akaendelea kuchapa kazi za watu wengine. Wahenga walionya kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Hawakusema kwamba wakati mwingine anayengoja ni mmoja na mwenye kosa ni mwingine.

Nilimpelekea katika wiki ya tano, Jumatatu. Fomu zilikuwa zimefungwa Ijumaa. Alizipitia karatasi zangu tatu nadhifu, akaziweka kando, kisha akanirudishia ile yake. "Haidhuru," akasema. "Kuna ya Septemba. Kaa nayo, utaniletea ikikaribia, mimi hapa karatasi zinapotea." Akageukia kompyuta. Nilitamani anigombeze. Mei akaanza kuumwa, akafunga kibanda, akarudi kwao. Septemba haikumkuta.

Siku mbili baada ya ile simu, kaka yake, mfanyabiashara mdogo wa Siakago, alinitafuta. "Wewe ndiye ule wa masters alikuwa anatuambia. Tuandikie wasifu wa marehemu. Weka Kiingereza nzito kabisa, watu wa chuo watakuja." Mnaijua desturi yetu: hemani watu huongea Kimeru au Kimbeere siku nzima, lakini kijitabu cha mazishi lazima kiwe cha Kiingereza, kana kwamba marehemu anakwenda kufanyiwa mahojiano. Niliandika kurasa mbili. Aya ya kwanza alizaliwa, ya pili alisoma, ya tatu alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, na ya nne alipandishwa utukufuni. Kisha nikasimamisha kalamu juu ya kurasa hizo nikadunga. Juu nilitoa mtu yeyote tu, si yeye. Katikati, mtu yeyote. Chini, mtu yeyote. Sikumkuta popote.

Nikafungua faili la kijani. Nikaacha mistari michache ya jina, wazazi na watoto, na baada yake nikaweka aya yake kama alivyoiandika. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: *Nataka kufundisha watoto kusoma. Miaka mingi nimechapa maneno ya watu, na ninajua mtu akijificha ndani ya maneno na ninajua akijitokeza. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo, nimelipata polepole, na mtoto hapaswi kungoja hivyo. Nina subira na nina macho mazuri.*

Mazishi yalikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kaka yake alisoma kwa Kiingereza, akafika kwenye aya hiyo, kisha bila kuombwa akaanza kuisema kwa Kimbeere, sentensi baada ya sentensi. Ilihama lugha bila kumwaga chochote. Wanawake wa kanisa walioinamisha vichwa wakati wa Kiingereza wakaviinua. Baadaye mama yake mzee aliniita, akanishika kifundo cha mkono. "Hayo ya macho," akauliza kwa Kiswahili cha taabu, "ni wewe umeandika?" Nikamwambia, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Hapana, cucu. Ni yeye. Sikugusa hata neno moja." Nikamkabidhi karatasi yenyewe. Aliikunjua, ingawa hasomi Kiingereza, akaitazama kwa muda mrefu, akaikunja palepale ilipokuwa na mikunjo yake.

Aya njema, alinifundisha, ina jambo moja, hulisema mapema, na hukoma likishasemwa. Hilo nililishika. Nilichochelewa kujifunza ni kwamba mtu akikupa aya yake uisome, anangoja jibu moja tu, na nilikuwa nalo tangu usiku ule wa kwanza: inaeleweka, Mama. Ipeleke.