Pilipili Niliyompelekea Mama Furaha

Kosa ni langu, wasomaji, na sina wa kumsingizia. Niiteni mnavyotaka. Miaka miwili nimelibeba hili peke yangu na sasa limenishinda.

Mimi ni Mkenya, nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea huku Birmingham. Wakati huo nilipanga nyumba ndogo mtaa wa Saltley, na katika chumba cha juu nikapanda bangi. Ndiyo, bangi! Miche minne chini ya taa, ya kuvuta mwenyewe nikitoka shifti. Sikuwahi kupanda hata sukuma wiki maishani. Kando yake niliweka mche mmoja wa pilipili, ili mtu akiuliza kuhusu taa nipate la kusema.

Mwezi wa pili tangu nipande, majani ya bangi yakaanza kugeuka manjano, yamejaa vidoti vyeupe kama yamechomwa na pini. Nilichanganyikiwa! Nikakimbilia saiba, duka la intaneti la Alum Rock Road, nikakaa nikitazama picha za majani huku nimeziba skrini kwa bega. Huyu anasema ni njaa ya mbolea, yule anasema maji yamezidi. Kila picha ilifanana na majani yangu! Nikaongeza mbolea, nikapunguza maji, nikasogeza taa. Yakazidi.

Ndipo nikamkumbuka Mama Furaha, mama wa Kikongo niliyesali naye kanisa moja. Huyo chochote akipanda kinaota. Alikuwa na kishamba cha kukodi kule Shard End, pembeni mwa jiji, chenye kibanda cha kioo, na humo alikuza lengalenga, mchicha wa kwao. Mbegu zake alitoka nazo Uvira zimefungwa kwenye ncha ya kitenge, zikakaa naye kambi ya wakimbizi, zikafika naye huku. Kila mwaka alipanda, akavuna mbegu za mwaka ujao. Ila kiangazi cha huku kilichotangulia mvua iliozesha karibu mbegu zote, na zile chache zilizopona ndizo miche iliyokuwa kibandani. Hayo aliniambia mwenyewe.

Bangi singeweza kumwonyesha. Nikampelekea ile pilipili, maana nayo ilishaanza vidoti.

"Pole, mutoto wangu," akasema, akiisogeza karibu na macho yake yasiyoona vizuri. "Hii iko na njaa tu. Uniachie, nitaichunga." Akaiweka katikati ya lengalenga.

Kesho yake niliazima kioo cha kukuzia maandishi cha mzee mmoja kazini, nikaenda nacho nyumbani, nikageuza jani la bangi. Mungu wangu! Wadudu, wadogo kuliko chembe ya chumvi, wanatembea, na utando mwembamba wameshausuka.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningempigia dakika ile ile! Nilishika simu, nikaiweka chini. Nilijua angeuliza wadudu wametoka wapi, na nilivyomjua, angefika na sabuni yake ya kuulia wadudu mpaka mlangoni kwangu, apande ngazi aangalie chumba. Nikajiambia labda pilipili haina. Nikajiambia nitapiga kesho. Kila siku kesho! Kazini nashika simu mfukoni, naiachia, naishika tena.

Baada ya wiki mbili akapiga yeye. Nikaenda. Kibanda kizima kilikuwa na utando, na lengalenga zimekauka, hata mche mmoja haukupona.

Nilijua atanifokea. Akanishika mikono yote miwili. "Pilipili yako imekufia kwangu," akasema, machozi yakimtoka. "Unisamehe, mutoto wangu. Sijui nilikosea wapi."

Nami nikajibu, "Usijali, Mama." Nilisema hivyo, jamani! Nilimsamehe!

Bangi niliing'oa siku ile ile. Kanisa nimehama, maana siwezi kumtazama akinisalimu. Nasikia siku hizi ananunua mboga za dukani, na anawaambia watu mikono yake imezeeka.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mmea unaougua na huwezi kusema umetoka wapi, usimpelekee mtu. Na kama umeshampelekea, piga simu leo! Mimi namba yake nilikuwa nayo, na siku nilikuwa nazo kumi na nne.