Springi za Mama Mkwe

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na alitaka kitu kimoja tu: mama yake awe karibu siku ikifika. Si shangazi, si jirani, wala si mimi. Mama. Na mama yake, anayeishi kwetu magharibi ya Kenya, ng'ambo ya mpaka, alikuwa tayari kupanda basi hata kesho, ila kulikuwa na jambo. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Inyeshe mvua, liwake jua, halali. Mimi na yeye hatupeani mkono, hatuketi meza moja, na tukikutana njiani mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba ameacha kitu nyuma.

"Nitafikia hoteli," alisema kwenye simu.

"Mama, uchungu ukinishika utakuwa hotelini Nakasero, katikati ya mji, na mimi niko huku Kawempe," mke wangu akajibu, na nikasikia sauti yake ikianza kukatika.

Hapo nikaruka kwenye kiti. Trela!

Niseme kwanza habari za trela hilo, maana lilikuwa limenifanya kichekesho cha mtaa. Ni karavani: chumba kidogo cha bati jeupe chenye kitanda, jiko na bomba la maji, kinachovutwa nyuma ya gari na watu wanaokwenda kutembea. Nililinunua kwa watalii waliolichoka, nikiwa na ndoto ya kumpeleka mke wangu Jinja tulale kando ya maji. Tulikwenda mara moja tu. Baada ya hapo likabaki uani, na kuku wa jirani wakalifanya lao. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikipenda kitu nakipenda kwa kelele, na watu wanangoja waone mwisho wake.

"Mwambie mama hiyo si nyumba," nilimnong'oneza mke wangu. "Ni gari! Gari lenye kitanda!"

Akamweleza. Kisha mama akasema atawauliza dada zake, na dada zake ndio mahakama ya ukoo ule. Jioni hukumu ikatoka. Nyumba ni kitu kilichokaa, walisema. Trela likisimama kwa magurudumu yake, na likiweza kuvutwa, hiyo ni safari, na safarini mtu hulala popote. Lakini likiwekewa mawe chini, basi lina msingi. Likiwa na msingi ni nyumba ya mkwe, na hataingia.

Nilishangilia mpaka jirani akauliza nani kafunga bao. Kisha nikatoka uani, nikalitazama trela langu vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na furaha ikapungua nusu.

Lilikuwa limeinama. Upande wa kulia bodi ilikuwa imelilalia tairi. Nikalifunga kwenye gari nilivute kidogo, mpira ukasugua bati kwa ukelele wa ajabu, na harufu ya kuungua ikatufikia sote. Halikufika hata getini.

Nikamwita fundi wa karibu, kijana mcheshi anayeimba akifanya kazi. Akaingia chini ya trela na tochi ya simu, wimbo ukakatika.

"Ssebo, bwana wangu, hii spring ilishalala," alisema. "Ona. Hizi vyuma imepangwa moja juu ya ingine, ndio inabeba trera yote. Hii moja imevunjika, hizi ingine imechoka. Lakini usiogope. Leta matofari, tuweke chini, mala moja imekwisha."

"Mawe hapana! Matofali hapana!"

"Kwani nani atalala ndani?"

"Mama mkwe wangu."

Fundi akatoka chini haraka. Yeye ni Muganda, na kwao mambo ya ukwe ni makali kuliko hata kwetu. Wanasema anayeyavunja hushikwa na mitetemo ya mikono, ugonjwa wanaouita obuko.

"Eh! Obuko!" alisema. "Ssebo, hiyo si mchezo. Mkono ikianza kutetemeka, hata spana hutashika. Toa hiyo mawazo ya matofari kabisa!"

Kana kwamba mawazo ya matofali yalikuwa yangu. Lakini nilimpenda sana dakika ile.

Tukazifungua springi, tukazipeleka kwa wahunzi. Moto, nyundo, cheche! Nilisimama pale nikiwaelekeza watu wanaojua kazi kuliko mimi, nao wakanivumilia. Niliomba waongeze vyuma vya lori juu yake ili lisilale tena milele. Fundi akakataa. "Ya lori ni ngumu sana. Kwa balabala yetu hii, vikombe yote itavunjika, na hiyo bodi itapasuka. Hii inataka kuwa laini kidogo." Wakatafuta kipande kinacholingana na kile kilichovunjika, wakazikunja zote upya mpaka zikarudi kuwa na upinde. Siku iliyofuata trela lilisimama wima, tairi likizunguka bila kugusa chochote. Nililivuta mtaani nikipiga honi. Watoto walinifuata, na mke wangu akacheka huku ameshika tumbo, akiniambia niache wazimu.

Penye nia pana njia. Ila penye nia yangu huwa pana mambo mengi.

Nilitaka mama akute bomba linatoa maji, nikajaza tenki mpaka likafurika. Halafu nikafunua kitanda nikaona chini yake nafasi tupu, pana, kavu. Mimi nina duka la jumla Kikuubo, na mfanyabiashara wa Kikuubo akiona nafasi tupu hawezi kuvumilia. Nikaleta maboksi ya sabuni yaliyokosa pa kukaa stoo.

Asubuhi ya safari, mama akiwa ameshavuka mpaka na basi liko njiani, mke wangu alinipigia kelele kutoka uani. Nikatoka na mswaki mdomoni. Trela lilikuwa limeinama tena. Upande ule ule, tairi lile lile.

Nikampigia fundi, alikuwa mbali kwenye kazi nyingine. Nikazunguka trela kama mtu aliyepoteza funguo. Nikasema, kwa sauti ndogo, labda jiwe moja tu, dogo, nyuma ya tairi, ambapo halionekani.

Mke wangu alinitazama. "Nizae na uongo chini ya kitanda cha mama yangu?"

Akapanda ndani taratibu, nikasikia godoro likifunuliwa.

"Baba," akaita. "Umemwekea mama yangu duka chini ya mgongo?"

Maboksi yote yalikuwa upande wa kulia, kwa sababu mlango uko kushoto. Na tenki la maji, chini ya jiko, nalo liko kulia. Nilipiga kelele ya furaha, nikamwacha akitikisa kichwa. Nikaita jirani, jirani akaita wanawe, tukapanga mstari kama watu wa msibani wanaopokezana viti, ila sisi tulikuwa tunaimba. Boksi baada ya boksi. Nikafungua maji yakatiririka uani, kuku wakakimbia. Na trela likaanza kuinuka! Polepole, likilia chuma kwa chuma, bodi ikaliachia tairi, mpaka mkono wangu ukapita katikati. Niliubusu ule mpira. Sioni aibu kusema hivyo.

Bodaboda ilimleta mama mchana, na begi na fungu la ndizi mapajani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ilibidi akae ndani ya gari, trela limeshafungwa nyuma, uso mbele. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, na kioo hakina mwiko. Hakuingia. Alizunguka trela, akainama kwa shida, akachungulia chini akitafuta jiwe. Kisha akaligonga tairi kwa kiatu.

"Livutwe," alimwambia mke wangu.

Nikawasha gari. Nikavuta taratibu, uani mpaka getini, nikapita shimo la mtaro ambalo sote tunaliogopa. Trela likazama, likainuka, likatulia. Hakuna kilichosugua. Majirani walipiga makofi na vigelegele. Nikalirudisha kinyumenyume mahali pake, nikangoja bila kuzima injini.

Mama alipanda ngazi, akakaa kitandani. Nilihisi gari lenyewe likitikisika kidogo nyuma yangu. Kisha nikasikia sauti yake dirishani, ya juu kidogo, ili nami nisikie bila kuambiwa.

"Mwambie mwenye gari alifungue hilo trela garini mwake. Mimi sina safari mpaka mtoto azaliwe."

Mke wangu akamkumbatia mama yake mlangoni, akalia kwa sauti, nami nikashuka kwa mlango wa upande mwingine kwenda kufungua.