Mkia wa Nondo wa Maji

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Mjomba Olegário alishuka kwenye kijito cha Lontra nyuma ya nyumba yetu, akageuza jiwe moja, akaangalia chini yake, akalirudisha vilevile lilivyokuwa. Jiwe moja tu. Ukimuuliza kwa nini asigeuze la pili, alisema hata wewe usingependa mgeni aingie vyumba vyote.

Chini ya jiwe waliishi watoto wa nondo wa maji. Si nondo hasa, ila huku milimani ndivyo tunavyowaita. Mtoto wao ni buu mdogo anayejishonea kifuko cha chembe za mchanga na kukaa humo, kama mtu aliyevaa koti la mawe, hadi siku ya kutoka majini akiwa na mabawa. Anataka maji safi. Yakichafuka, yeye hufa wa kwanza.

Mjomba alikuwa na miaka sitini na moja. Vitalu vya agrião vilivyoota ndani ya kijito vilikuwa vyake, na kabla yake vya mama yake, na mboga hiyo ndiyo tuliyokula na angu, ugali wetu wa mahindi, karibu kila siku. Lakini kazi iliyoujaza moyo wake ilikuwa kwenye chumba cha wadudu cha chuo cha mjini. Alikuwa fundi huko kwa miaka thelathini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nondo wa maji wakishakua hufanana wote, rangi ya udongo, na kinachowatenganisha ni umbo la ncha ya mkia wa dume. Basi mkia hukatwa, ukachemshwa kidogo ndani ya potashi mpaka nyama iyeyuke na gamba libaki wazi kama kioo. Hapo ndipo unawekwa chini ya hadubini na kuchorwa. Ukichemsha kidogo mno, huoni vizuri. Ukizidisha, gamba nalo linakwenda na nyama.

Wengine walitazama saa. Mjomba alipima kwa sigara ya ganda la hindi. Aliiwasha mlangoni pale pale mkia ulipoingia kwenye potashi, na moto ulipokaribia vidole, akaenda kuutoa. Wanafunzi walimcheka, kisha wakaharibu mikia yao kwa saa zao nzuri, wakamletea yeye iliyobaki. Yeye hakuwahi kuharibu hata mmoja.

Mwaka huo watu wa machimbo ya mawe waliomba kibali cha kuchimba kule juu, kwenye chemchemi ya Lontra. Baraza la kuamua lilipangwa mwishoni mwa Novemba. Mjomba alikwenda kumuuliza Daktari Ivonete, mkuu wa chumba cha wadudu, kama kuna njia ya kuwazuia. Daktari hakumficha. Alisema hakuna atakayejali mboga za mtu mmoja, wala utamu wa maji. Lakini kiumbe chenye jina lililoandikwa kwenye jarida, kisichopatikana mahali pengine popote, hicho baraza lingelazimika kukizingatia.

Oktoba, mvua za kwanza, Mjomba alitundika shuka jeupe uani, akaning'iniza taa mbele yake. Majike walikuja wengi, lakini majike wa jamii hii hawasemi kitu, huwezi kumjua huyu wala yule. Dume alikuja mmoja. Daktari alimtazama chini ya hadubini, akavua miwani, akatazama tena, kisha akavuta kiti akakaa. Hakuwa ameandikwa na mtu yeyote.

Akasema mdudu huyo atapewa jina la Olegário. Mjomba alirudi nyumbani siku hiyo akala sahani mbili za maharage, akaniuliza kama ninaona ni vibaya mtu kufurahi. Nikasema si vibaya.

Daktari alisafiri siku tatu kwenda mji mkuu kutafuta maandishi ya zamani. Akamwachia Mjomba dume lile, amsafishe mkia na kumchora.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Dona Zulmira, mfagizi wa chuo. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na ganda la hindi lilikuwa limeingia unyevu. Mjomba akawasha sigara mlangoni, na Dona Zulmira akasimama na ufagio wake.

"Kwa hiyo huyo mdudu ataitwa Olegário?" akamwambia. "Maskini, kakosa nini?"

"Ataitwa kwa Kilatini, Zulmira. Kwa Kilatini hata wewe ungependeza."

Wakacheka. Akamweleza jina litaandikwa wapi, na kwamba hata watu watakaozaliwa sisi tukiwa tumeoza wataliona. Sigara ikazimika. Akaiwasha. Akaeleza zaidi, ikazimika tena, naye akaiwasha tena bila kukatiza maneno. Dona Zulmira aliona, lakini kwake sigara ilikuwa sigara tu, si saa. Ilipofika vidoleni, Mjomba akaingia ndani. Dona Zulmira akachungulia, akamwona ameinama juu ya kikombe kidogo cha kioo. Ndani ya kikombe mlikuwa na kiwingu tu, kama mate.

Kabla ya kuuchemsha alikuwa ameutazama ule mkia, nyama ikiwa bado imo, ukaonekana nusunusu. Alikuja nyumbani na karatasi, akakaa kwenye meza ya jikoni siku mbili akichora alichokumbuka. Hakula. Nilipomwekea kahawa aliisogeza mbali na karatasi, basi. Mchoro ulipokwisha ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuona mkononi mwake, kila unywele mahali pake.

Daktari Ivonete aliporudi alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, viatu vina tope. Akaushika mchoro dirishani, akausifu. Kisha akaomba mkia wenyewe autie kwenye kichupa cha spiriti.

"Haupo," Mjomba akasema.

"Haupo vipi, Bwana Olegário?"

"Nimeupika. Umekwisha."

Daktari aliweka karatasi mezani polepole. Akauliza mchoro ule umetoka wapi basi. Mjomba akagusa kichwa chake. Akasema upande wa kushoto aliuona vizuri, wa kulia ameufananisha na huo.

"Andika kwamba umevunjika njiani," akamwambia. "Vitu huvunjika. Mabawa yapo, kichwa kipo. Nani atauliza?"

"Watu wa machimbo watauliza. Wataleta msomi wao, atasema nionyesheni, nami nitamwonyesha nini? Penseli yako?"

"Daktari, ni maji yangu."

"Najua ni maji yako. Ndiyo maana nilikuachia wewe."

Sidhani alitaka kumuumiza. Lakini Mjomba alirudi nyuma kama aliyesukumwa, na Daktari akaona. Akaondoka bila mchoro.

Tangu hapo shuka lilitundikwa kila magharibi, mvua inyeshe isinyeshe. Mjomba alikaa mbele yake kwenye kigoda, na kila nondo aliyetua alimgeuza kwa ncha ya unyoya. Jike. Jike. Jike. Msimu wao wa kuruka ni majuma mawili, yakapita, hata majike wakaacha kuja. Bado alitundika. Dona Zulmira alipita kumtania, akasema taa hiyo itamletea mchumba badala ya mdudu. Mjomba akamwangalia tu, naye akamsaidia kukunja shuka.

Baraza lilikaa asubuhi moja. Daktari alisimama akasema yupo mdudu ambaye bado hajapata jina. Mzee mmoja wa baraza akauliza, kwa adabu, atalipata lini. Daktari hakuweza kutaja tarehe. Kabla ya mchana kibali kilikuwa kimetoka.

Baada ya Krismasi kijito kilishuka cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Vumbi la mawe lilikaa juu ya agrião, na tulipoiosha ilisaga kwenye meno. Chuoni Mjomba alipewa mikia mingine ya kusafisha, akakataa, akaomba kuosha vyombo. Siku moja akakataa hata vyombo.

Jumatatu ya pili ya Januari alinyoa ndevu, akavaa shati alilovaa siku ya baraza. Akaniambia maharage niyatie chumvi yakishaiva, si kabla, maana huwa yanagoma kuiva. Nikamuuliza atarudi saa ngapi. Akasema nisimngoje kula.

Dona Zulmira alimwona akipita mbele ya chuo bila kugeuza kichwa, akamwita. Mjomba akaendelea na barabara ya bondeni, mikono mfukoni. Hakurudi.