Mtu wa Nyuma ya Pazia

Siku moja tulikuwa wanne kwenye mafunzo ya ushauri nasaha pale Runzewe, miaka ya tisini: mimi Mama Kabula; Mwalimu Editha aliyetufundisha; Zuhura mwanafunzi mwenzangu; na mwanamume wa kufanyia mazoezi, kaketi nyuma ya pazia asijulikane.

Jana yake Mwalimu alinisahihisha mbele ya watu: "Mama Kabula, unaongea kuliko mwenye shida." Nikataka kurudisha daftari, niache mafunzo. Siku hiyo nikafunga mdomo.

Mwanamume akaeleza kwamba mama mkwe wake alikuja kusalimia wiki moja, sasa ni msimu mzima, anapanga hata mboga ya kupikwa. Nikamhurumia.

"Leo umesikiliza vizuri sana," Mwalimu akasema. "Haya, zungumza naye."

Sifa zikanipanda kichwani. "Baba, huyo mama hana haya. Mfungie mizigo, mpandishe basi kesho."

Kwetu Usukumani mama na mkwe wake wa kiume hawasemezani, kwa hiyo sauti ya mume wa binti yangu Kabula sikuijua. Yangu aliijua, maana nilikuwa nikifoka nyumbani kwake tangu mavuno.

Nyuma ya pazia nikasikia, "Shikamoo, mama."

Zuhura husema sikuitikia. Mimi nakumbuka niliitikia. Kama nimekosea, mnisahihishe.