Niliuliza Waziwazi Kwenye Grupu la Familia, Sasa Simwamini Mtu

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu.

Kuna sauti haijanitoka masikioni: shangazi yangu akisonya kwenye voisi. Msonyo mrefu, kisha, "Haya, msomi wetu amefika."

Nina miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo, nafanya kazi Mugumu. Kwetu ni Tarime. Mdogo wangu, nimwite Boke, yuko kidato cha pili, shule ya bweni huku Serengeti, upande wa Issenye. Wazee wa ukoo wamesema mabinti watakeketwa likizo hii ya Desemba. Kwenye grupu letu la WhatsApp hakuna aliyewahi kuandika neno hilo. Wanaandika "shughuli", "furaha ya mama", "mambo yetu". Siku moja shangazi akauliza nani atanunua mwavuli wa Boke. Kwetu binti akishakatwa hurudishwa nyumbani kwa nyimbo, amevishwa kanga mpya, amefunikwa mwavuli. Nikajua Boke yumo.

Nikaandika: "Mama, Boke anakeketwa Desemba? Ndiyo au hapana."

Wote walisoma. Baba mdogo akajibu, "Mwanangu, hayo huwa hatuandiki. Tutaongea ukija." Mama akatuma vikatuni vya mikono ya kuomba, basi. Ndipo ikaja ile voisi ya shangazi: "Unataka polisi wasome? Chuo kilikufundisha kuvua familia nguo?"

Tangu hapo grupu limebaki na picha za ng'ombe na salamu za Jumapili. Naamini wamefungua lingine ambalo mimi simo. Binamu akiniandikia "za kazi, dada", najiuliza nani kamtuma. Mama alinipigia, akauliza kwa upole shule ya Boke inafunga lini.

"Nani atamfuata?" nikamuuliza.

"Shangazi yako atakuwa anapita huko."

Shangazi anakaa Kewanja, kule kwetu Tarime. Issenye hapiti akienda popote.

Rafiki yangu wa kazini anasema nimejiharibia. Ningezungukazunguka kama wao ningejua siku na mahali. Huenda ni kweli. Lakini ningeandika "shughuli" mara ngapi kabla na mimi sijaanza kuiona ni shughuli tu?

Nishaurini kuhusu mama. Nampenda. Nikienda dawati la jinsia polisi, wa kwanza kushikwa ni yeye. Nikinyamaza, kuna likizo nyingine na mabinti wengine wa ukoo. Niongee naye vipi?

Kuhusu Boke siombi ushauri. Siku ya kufunga shule nilifika getini mapema, shangazi hajafika. Nilimweleza Boke yote bila kuficha neno. Akanitazama, akabeba begi lake, akasema, "Dada, twende."

Jioni nikamwandikia mama: "Boke yuko kwangu. Hatakeketwa."

Amesoma.