Vichwa vya Magimbi ya Mama

Mimi mtu akiniambia "gimbi ni gimbi tu", najua hajui kulima wala kula. Mama alikuwa na aina tatu kwenye ukanda wetu wa bondeni, Mkongo. Meupe yana kikonyo cha kijani, hayo ukichemsha hukawii kula. Meusi kikonyo chake zambarau, yataka moto na subira. Ya tatu kikonyo chake kina mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, na hayo yanawasha. Unayachemsha peke yake, unamwaga maji, unachemsha tena. Watu walimcheka mama kwa kuyatunza. Mwaka mafuriko yalipolala bondeni mpunga ukaoza, meupe na meusi yakaoza, tukaishi kwa hayohayo yanayowasha. Sijasahau.

Mama alipofariki, kaka yangu mkubwa akataka bonde zima liwe mpunga. Mimi nilikuwa nimeachika huko Bungu, nimerudi nyumbani, na sikuomba makubwa: ukanda ule tu wa magimbi. "Mdogo wangu," akaniambia, "ukitaka magimbi, nenda sokoni Kibiti." Iliniuma sana. Lakini chozi langu hakuliona.

Ikafika Ramadhani. Siku hiyo alimwalika mjomba wetu na wazee wawili wafuturu kwake, awatangazie habari ya mpunga wake, na asubuhi akayang'oa magimbi yote kwa ajili ya futari. Nilimkuta wifi anamenya, yote sinia moja, kaka kasimama kando yake.

"Kaka, umeyachanganya. Yatawawasha watu."

"Gimbi ni gimbi," akasema. "Wifi yako atapika chungu kimoja, watu watakula."

Macho yangu yalikuwa jalalani, wamevitupa vichwa vyote. Mtu kazaliwa Mkongo anatupa mbegu jalalani! Maana gimbi unakula la chini, kichwa na kipande cha kikonyo unakirudisha ardhini, basi linaota tena. Nilibeba kwa ungo, safari tatu, na swaumu yangu na jua lile, nikavipanda vyote kwenye ukanda uleule kabla ya adhana ya magharibi. Kila aina nikaipa mstari wake.

Futari sikwenda. Wifi ndiye aliyenisimulia: mjomba kameza tonge la pili, kashika koo. Wakamaliza mtungi wa maji na nafuu hawakuipata. Habari ya mpunga hakuna aliyeisikiliza. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Asubuhi mjomba akaja bondeni na kaka, sauti imemkauka. Kaka akaiona mistari yangu.

"Umepanda kwenye shamba la nani?"

"La mama yetu."

"Ng'oa."

"Ng'oa wewe, si umeshazoea."

Mjomba akainua mkono, akaniuliza lipi lililomuwasha. Nikamwonyesha ule uzi mwekundu. Akamgeukia kaka: "Na wewe nionyeshe jeupe." Kaka akaangalia mistari yote mitatu, akaangalia viatu vyake, akasema yeye ni mtu wa mpunga.

"Sawa," mjomba akasema. "Lakini kwetu zao la mtu haling'olewi. Mwache mwenzio avune. Siku akimaliza kuvuna, ukanda ni wako."

Kaka akakubali palepale, akaanza kupiga hesabu ya miezi kwa vidole. Mjomba alinitazama, akakohoa, akaondoka zake.

Huu ni mwaka wa nne. Nikitaka kula nang'oa, na kila ninapong'oa nakirudisha kichwa shimo lilelile. Meupe yapo, meusi yapo, yanayowasha yapo. Juzi kaka alipita na jembe begani, akasimama kwenye tuta.

"Mdogo wangu, utamaliza lini kuvuna?"

Nilikuwa nimeshika kichwa cha gimbi mkononi. Nikainama, nikakifukia mbele ya macho yake, nikakikanyagia udongo vizuri.

"Bado, kaka," nikamwambia. "Bado navuna."