Jibu la Mgeni Langoni

Mgodi wa makaa ya mawe ulipoporomoka, Raina alikuwa barazani akitunga pilipili nyekundu kwenye uzi. Alikimbia na ndala miguuni hadi langoni mwa mgodi. Momchil, mwanawe wa pekee, alikuwa chini kule.

Wakubwa wa mgodi walijifungia ofisini, wasitoe habari. Woga tu, hakuna lingine.

"Kaa chini, wifi, utaanguka," Minka alimwambia.

"Nikikaa, nani atamngoja?"

Kesho yake akatoka mgodini mwokoaji mmoja mgeni, uso mweusi tii kwa vumbi la makaa. Raina hakujua lugha yake. Akamwonyesha picha ya Momchil, akaelekeza kidole chini, kisha akajipigapiga kifuani: moyo wake unadunda? Mgeni akamtazama kwa huruma, akatikisa kichwa polepole, huku na huku.

Sasa, kwa Wabulgaria kama Raina, kutikisa kichwa hivyo ni kusema ndiyo. Hata mtoto anayetambaa anajua. Kwamba wageni wako kinyume, Raina aliwahi kusikia, lakini saa ile nani angekumbuka? Alimbusu yule mtu mkono, akaenda mbio kanisani. Akawasha mshumaa, akauchomeka juu, mahali pa walio hai. Wa marehemu huwekwa chini, mchangani. Akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka ikamkauka.

Minka, macho yamemvimba, alimkuta hapo, amefuatana na Padri Lazar.

"Wifi, Momchil..."

"Yuko hai. Mgeni kaniambia."

"Kakuambiaje?"

Raina akatikisa kichwa. Minka akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Wifi yangu, kwao hiyo ni hapana."

Padri akanyoosha mkono auteremshe mshumaa. Raina akamdaka kifundo cha mkono.

"Usiuguse. Nimemshukuru Mungu kwa kifo cha mwanangu, padri. Kwa sauti."

"Mungu alijua ulichomaanisha."

"Na mimi nataka kujua alichomaanisha yeye."

Padri akaurudisha mkono wake, mshumaa ukabaki juu.

Raina akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye "mapenzi yako yatimizwe", ulimi ukagoma. Akarudia, ukagoma palepale.

"Niache nikumalizie," Padri akasema.

"Hapana. Nina hasira na Mungu, hasira kweli. Lakini nikitoka kwake sina pa kukanyaga. Nitasimama hapa mpaka niliseme neno hilo mwenyewe."

Minka akamshika kiuno, na Raina akaanza tena.